Jeraniomu Chumbani Kwangu

Kristina alinitambua kwa mwendo, si kwa sura. Ilikuwa arusi ya mjukuu wake hapo Kasongo, nami nilikuwa nimetoka Kabambare nimebanwa juu ya kamio, lori la mizigo, katikati ya magunia ya mpunga, mgongo unaniuma, nikawa navuka uwanja kutafuta mahali pa kukaa mbali na ngoma. Nikasikia mtu anaita, "Muke wa Filipo." Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu Filipo mwenyewe, Mungu amrehemu, alipotutoka, huku kwetu mimi ni mama mzee tu, na watoto wa jirani hawajui kwamba niliwahi kuitwa mke wa mtu. Kristina akanivuta mkekani, akanikagua kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguu, na kabla ya kuuliza safari wala watoto akasema, "Na yale maua? Ulifanya nini na yale maua?" Kisha akaanza kuwaeleza wanawake waliokuwa pale jinsi sisi wake za makarani na waalimu tulivyokuwa tunalaza maua ndani ya nyumba kama wagonjwa, na wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilicheka kwa mdomo tu. Kwake yeye ule ulikuwa mwaka wa vichekesho. Kwangu mimi ni mwaka nilioumeza mzima, na mpaka leo sijamsimulia mtu yeyote wote kama ulivyokuwa.

Basi nitauandika huo peke yake. Habari za ukoo na za nilikozaliwa naziacha, anayezitaka atazipata kwa wengine. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa Kabambare, nimesoma madarasa machache kwa masista, nikaolewa na Filipo, karani wa biro ya teritware, ofisi ya utawala ya Kasongo, na kwamba nilimwacha mama yangu nyumbani macho yake yameanza kuingia ukungu. Siku ya kupanda kamio alinishika uso kwa mikono yote miwili akanipapasa, kwa sababu kuniona vizuri alikuwa hawezi tena. Kamio haikuwa imefika hata Wamaza nikawa tayari nafikiria nitarudi lini.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya matofali ya kuchoma, katika mtaa wa makarani, vyumba viwili na sebule ndogo, sakafu ya simenti, madirisha ya mbao, jiko nyuma uani. Sebuleni palikuwa na meza na viti viwili. Filipo hakutaka cha tatu, alisema mgeni akikuta kiti atakaa. Juu ya meza palikuwa na kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na juu ya kitambaa hapakuwekwa kitu, kwa sababu vitu vinachafua. Tulikula kwa uma na kisu, hata bukari, ugali wetu. Wewe uliyelelewa kwa bukari, jaribu siku moja kuila kwa uma, uone inavyokutia aibu: inanata kwenye meno ya uma, haichoti mchuzi, haijui inakokwenda. Filipo aliila hivyo pole pole, mgongo umenyooka, bila kusema neno, kwa kuwa alifundishwa kwamba mtu aliyestaarabika haongei wakati wa chakula. Kwetu tulikuwa tunakula tukizungumza. Bila maneno sombe, kisamvu chetu, haishuki. Nilikuwa nangoja amalize, avae viatu, arudi biro, ndipo naingia jikoni nakaa kwenye kibao nakula tena kwa mkono. Nilikuwa nashiba, lakini kula peke yako jikoni kama mwizi wa chakula chako mwenyewe ni jambo la kuchosha roho, na nilikuwa bado sijafikisha miaka ishirini.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya karte. Vijana wa leo hawaijui, na wakielezwa wanadhani natunga. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa inawapa karte makarani na waalimu walioonekana wanaishi kizungu, na mwenye nayo alihesabiwa amepanda ngazi moja juu ya wenzake. Kazi nzuri ya biro haikutosha. Ilikuja komisyo, yaani wazungu wawili watatu pamoja na padri, wakaingia mpaka chumbani mwako, wakaangalia kitanda, choo, sahani, wakauliza kama mke ni mmoja na kama anajua kupiga pasi. Filipo aliitaka karte ile kuliko alivyonitaka mimi. Silisemi kwa hasira, ndivyo ilivyokuwa. Lakini aliniwekea ahadi. Katika siku zangu za kwanza pale alinikuta nalia juu ya sufuria, akasimama mlangoni mwa jiko, hakuingia kwa sababu ya moshi na shati lake jeupe, akasema, "Usilie. Karani mwenye karte anaweza kuchagua mahali. Karte ikitoka nitaomba Kabambare, utakuwa karibu na mama yako." Hayo maneno niliyashika kwa mikono na meno. Kila nilichokifanya mwaka ule nilikifanya ili karte itoke, nirudi kwa mama wakati bado anaona japo kivuli changu.

Ndipo zikaja amri. Nisilime, kwa sababu mke wa karani halimi. Nisiseme Kibangubangu na wanawake wa kwetu waliopita na vikapu vyao kwenda sokoni. Nisikae mkekani na majirani wa upande wa pili wa ua, ambao walikuwa Waislamu wa mji, watu wa zamani sana Kasongo, wacheshi, wenye maneno, wanaotwanga mpunga mchana kutwa huku wakitaniana. "Komisyo wanauliza majirani," Filipo aliniambia. "Majirani wasiwe na la kusema." Kwa hiyo nikawa nasalimia kupitia ua na kurudi ndani. Aliyekuwa karibu zaidi na ua wetu aliitwa Mama Asumini, mwanamke mnene, mjane, mwenye sauti ya kukwaruza. Kila asubuhi aliniuliza tumeamkaje, nami nilijibu kwamba tumeamka vizuri, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Mara moja kwa juma tulikwenda fwaye, nyumba ambamo Madamu mmoja, mke wa mzungu wa kampuni ya pamba, aliwafundisha wake za makarani na waalimu kushona, kupiga pasi na kuoka mikate. Alikuwa mrefu, mwenye mabaka mekundu shingoni, na mpole kuliko nilivyotazamia. Kwenye baraza la nyumba yake palikuwa na maua mekundu ndani ya vyungu, jeraniomu, ambayo mbegu yake ya kwanza ilivuka bahari pamoja naye. Siku moja alikata vipande vya shina akatugawia kila mtu vitatu, akasema katika Kiswahili chake, "Kwetu, dirisha bila hii maua ni nyumba bila mwenyewe. Komisyo wakiona hii kwa dirisha, wanajua mwanamuke iko ndani." Akatufundisha kupanda, kutoa majani yaliyogeuka manjano, kutomwagia maji mengi. Kisha akasema la mwisho, lile ambalo lilitutesa mwaka mzima: "Miezi ya baridi, unaingiza ndani, mahali pa giza. Maji hapana. Unaacha inalala. Baridi ikiisha, unatoa nje, itachanua." Juma lililofuata alipanda boti kwenda likizo Ulaya, akatuacha na vipande vyetu mikononi.

Tulishindana mwezi mzima juu ya hiyo baridi. Tulikuwa tunakutana nyumbani kwa Kristina, mke wa mwalimu, ambaye bwana yake hakuwa mkali, na kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja alisema amesikia kwa masista kwamba baridi ya wazungu iko karibu na Noeli. Kristina akamkata: "Karibu na Noeli iko mvua na jua kali, unatoa jasho mpaka kwenye macho. Baridi gani hiyo? Baridi ni kiangazi. Asubuhi hauoni hata jirani yako kwa ukungu, watu wanakaa kwa moto. Ile ndiyo baridi." Nani angebishana na hilo? Kiangazi ndicho tulichokuwa tunakijua kuwa na baridi. Kwa hiyo mwezi wa sita ulipofika, nje jua kavu zuri la kuanikia hata godoro, mtaa wote wa makarani ukayafungia maua yake gizani, chini ya vitanda, nyuma ya masanduku, na tukajiona tumejua kutii. Nikiyakumbuka sasa naona jinsi tulivyokuwa: wanawake wazima, tuliolima na mama zetu tangu utotoni, tulioweza kuangalia jani la muhogo na kusema linaumwa nini, tukafunga akili yetu sandukuni kwa sababu maua yalikuwa ya kizungu na tuliogopa kuyakosea.

Mimi nilikosea vizuri, na si kwa akili. Kiangazi hicho ndipo Filipo alipoanza kusafiri na bwana teritware, mzungu mkuu wa biro yake, kuhesabu watu vijijini. Alikwenda upande wa Nyangwe, akarudi baada ya siku chache na samaki wakavu, akaondoka tena kuelekea Lusangi, akarudi kufuliwa nguo, akaondoka. Mara moja walikwenda mpaka upande wa Kabambare. Aliporudi nilimvua viatu nikamuuliza, "Ulimuona mama?" Akasema hawakupita njia ile. Sikuuliza tena, nikapeleka viatu nje kuvifuta. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha simenti, maana nyumba ya udongo angalau ina panya na mchwa wanaofanya kazi usiku na mchana. Nilipiga pasi mashati yaliyokwisha kupigwa pasi. Nilikaa kwenye kiti cha Filipo, nikahamia changu, nikarudi kwake, ili nione upande wa pili wa meza kuna nini. Na chumbani, pembeni mwa kitanda, palikuwa na vile vipande vyangu vitatu, nimevipanda katika makopo. Nilikuwa siwezi kuviacha gizani. Nilihitaji kitu cha kuangalia ambacho kiko hai. Basi kila asubuhi nilivitoa kwenye ngazi ya nyuma, nikakaa karibu navyo na kazi yangu ya sindano, na jioni nikaviingiza ndani kama Madamu alivyoagiza, nikajiambia kwamba usiku ndio giza lenyewe. Nilisugua majani nikanusa vidole. Yana harufu kali, ya kukereketa, wengine hawaipendi, mimi niliipenda. Na nilizungumza nayo Kibangubangu. Lugha niliyokatazwa kusema na watu niliisema na maua, nikiyaeleza habari za nyumbani, nani alimwoa nani, mto ulipofurika, namna mama anavyopika kisamvu cha karanga.

Ua una masikio, kwa upande wao na kwa upande wangu pia. Siku moja mchi uliponyamaza nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Yule muke wa karani anaongea na majani. Nimemusikia." Wakacheka kidogo. Kisha sauti ya kukwaruza ya Mama Asumini ikasema, "Muache. Ana mutu gani mwengine?" Mchi ukaanza tena. Niliinamia sindano yangu, na machozi yakalowesha kitambaa chote. Dhihaka ningeivumilia. Huruma ile ilinimaliza.

Masika yalipoanza, wenzangu wakayatoa maua yao kitandani, meupe, marefu, yamelegea kama tambi, wakayaweka nje yapate mvua yafufuke. Yakaoza. Yangu yalikuwa na majani, lakini nayo yaliingia hatarini, na hapo lilikuwa kosa letu sote. Filipo alisema makopo ni aibu mbele ya komisyo, tukanunua vyungu vipya vya wanawake wafinyanzi sokoni. Madamu alikuwa ametuambia chungu kitobolewe chini, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoboa. Tulidhani hakulikusudia neno hilo, au Kiswahili kilimpotea. Utoboe chungu kipya, kilichochomwa vizuri, ambacho kinalia ukikigonga? Mwanamke wa kwetu angeona ni kama kuvunja jiko lake mwenyewe. Maji yakasimama ndani, shina la chungu cha kwanza likawa jeusi chini, laini kama ndizi iliyooza, likaanguka. Nililia kama nimefiwa. Kisha nikachukua msumari, nikautia motoni mpaka ukawa mwekundu, nikakaa na vyungu viwili vilivyobaki mapajani, nikatoboa. Mama Asumini alinitazama kupitia ua mkono umemfunika mdomo. "Muke wa karani," akasema, "mama yako akisikia unatoboa vyungu vipya, tutamwambia nini?" Nikamjibu kwamba mama yangu haoni, hatajua. Hakucheka. Akauliza, "Haoni kabisa?" Nikasema bado kidogo anaona. Akasema, "Basi fanya upesi urudi," na hapo nikajua kwamba alikuwa anasikia kila kitu nilichoyaeleza maua, na kwamba Kibangubangu anakijua.

Katika masika hayo kuna siku moja tu ninayoikumbuka kwa raha. Ilikuwa mchana, Filipo yuko safarini, mbingu ikageuka rangi ya sufuria, upepo ukaanza kufungua milango. Nilikuwa nimevitoa vyungu kwenye ngazi na kwenda kisimani, na mvua ikanikuta njiani. Nilikimbia mpaka nikamwaga maji yote. Nilipofika, ngazi ilikuwa tupu. Nikasimama kwenye mvua, nikawaza karte, nikawaza Kabambare. Kisha nikamsikia Mama Asumini ndani ya nyumba yangu, "Ingia, utaota majani wewe mwenyewe." Alikuwa amevuka ua, amevichukua vyungu, amekaa sakafuni sebuleni, kimoja kila upande wake, nguo imemganda mwilini. Hakukaa kwenye kiti. Mvua haikukatika, kwa hiyo nilipika wali na wale samaki wa Nyangwe kwa mawese, nikaviweka kwenye sinia moja chini, tukala kwa mkono. Alinisimulia habari za marehemu bwana yake, aliyekuwa mwoga wa radi. Kila iliponguruma aliingia chini ya kitanda akisema anatafuta kiatu. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Aliniuliza majina ya maua, nikamwambia hayana, akasema, "Watoto hawana majina? Hiki cha kushoto ni Sultani, kinajivuna. Hiki kingine ni Mwoga." Mvua ilipokatika alinawa, akafunga nguo yake, akaondoka kupitia ua alipoingilia. Nilipangusa sakafu nikafuta kila tone la mawese, na sijapata kuichukia nyumba kama nilivyoichukia ile jioni ilipokuwa safi tena.

Filipo alirudi masika yakielekea mwisho, na habari kwamba komisyo watakuja baada ya juma. Vyungu vyangu viwili vilikuwa vimetoa vitumba. Alisimama mbele ya dirisha akavitazama muda mrefu, akasema, "Umefanya vizuri," na mimi, mjinga wa watu, nikaona siku zote zile zimelipwa. Jumapili, baada ya misa, akaja karani mwenzake aitwaye Anatoli, wakakaa sebuleni kwenye vile viti viwili. Mimi nilikuwa chumbani nikivigeuza vyungu ili kila upande upate mwanga. Mlango ulikuwa nusu wazi. Anatoli akasema, "Kwa hiyo karte ikitoka ni Kabambare. Muke yako atafurahi." Na Filipo akacheka kwa pua, namna yake. "Kabambare nifanye nini? Nipate karte halafu nirudi pori? Nimekwisha omba Kindu. Kule iko reli, iko boti, iko watu." Anatoli akauliza, "Na yeye umemwambia?" Filipo akasema, "Atazoea. Wanawake wanazoea."

Nilikuwa nimeshika lile shina nene la chungu cha kushoto. Ningelivunja kwa vidole viwili. Ningemwagia maji ya moto, nani angejua? Dirisha tupu, komisyo wamekunja uso, alama moja chini, pengine mbili. Niliwaza hivyo kwa dakika nzima, na nasema kweli, sikuacha kwa wema. Niliacha kwa sababu nikivunja vile ndio ningebaki peke yangu kabisa. Na tena moyo wa mtu ni mjanja: nilijiambia kwamba Filipo alikuwa anajisifu tu mbele ya mwenzake, wanaume ndivyo walivyo, na kama si hivyo, basi nitamwomba mkubwa wa komisyo mwenyewe. Juma lile lote nilitengeneza sentensi yangu. Niliirudia nikifagia, nikipiga pasi, nikimwagia maua maji: Bwana mukubwa, mimi niko peke yangu hapa, mama yangu haoni, naomba bwana yangu apelekwe Kabambare. Niliisema mpaka ikawa laini, haina pa kukwama.

Walikuja asubuhi, bwana teritware, padri, mzungu mwingine mfupi aliyekuwa mkubwa wao, na Madamu, ambaye alikuwa amerudi kutoka likizo na mabaka yake yamepungua. Kristina alikuwa ameniazima sahani mbili. Walifungua kabati, wakainua godoro, wakaenda chooni. Madamu hakufuata. Alibaki dirishani mbele ya jeraniomu zangu, nyekundu, zimejaa, na aliposema sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na ndugu. "Yote ya wengine imekufa. Wewe ulifanya namna gani?" Nikamwambia niliyaingiza ndani wakati wa baridi, kama alivyosema. Akanitazama hajaelewa, kisha akaelewa, akaweka mkono shingoni. "Lakini hapa hakuna baridi, Mama. Mimi hapa siingizi ndani hata siku moja. Nilikuwa nawaeleza vile mama yangu anafanya, kwetu." Nilimhurumia wakati ule, na ninamhurumia bado, kwa sababu najua mtu anavyoweza kusema na wanawake kumi mbele yake huku anazungumza na mama yake aliye mbali.

Halafu wakaketi. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo mkubwa na padri wakakaa na wengine wakasimama, na Filipo akatoka jasho kwa aibu ya viti. Wakamuuliza mambo yake kwa Kifaransa. Mwishoni yule mfupi akanigeukia mimi, akauliza kwa Kiswahili kizuri, "Na wewe, Mama? Unaishi vizuri katika nyumba hii?" Filipo alinitazama. Nilishika mikono yangu nyuma nikaanza. "Bwana mukubwa, mimi niko peke yangu hapa." Sauti ilitoka imara, nikashangaa mwenyewe. Nikavuta pumzi ya kuendelea, na yeye akainua mkono, akatabasamu, si kwa ubaya, akamgeukia bwana teritware wakasemezana Kifaransa. Nilielewa maneno machache, nililielewa Kindu. Kisha akaniambia pole pole, kama anampa mtoto zawadi, "Mama ana haki. Bwana yako anasafiri mno, na mke mwema hawezi kukaa hivi. Tunampeleka Kindu, kazi ya biro, kila siku atarudi kwako kula. Hautakuwa peke yako tena." Padri akatikisa kichwa kukubali. Filipo alikuwa ananitazama kwa shukrani ambayo hajawahi kunitazama nayo kabla wala baadaye. Sentensi yangu iliyobaki ilikuwa bado mdomoni. Nikasema, "Asante, bwana mukubwa," kwa sababu wote walikuwa wanangoja niseme hivyo.

Karte ilitoka. Tulipokuwa tunafunga mizigo nilianza kuvifunga vyungu kwa majani ya migomba visivunjike njiani, na Filipo akauliza, bila ubaya hata kidogo, "Ya nini tena? Karte imekwisha kutoka." Nilivipitisha juu ya ua kwa Mama Asumini. Alivipokea kimoja kimoja, na siku hiyo hakunitania. Sikumwona tena. Filipo, mpaka uzee wake, aliwasimulia wageni jinsi mke wake alivyowasemesha komisyo kwa neno moja akapewa Kindu, nao walinisifu, nami nilikwenda jikoni kuangalia moto. Sikumwambia kamwe nilichokisikia Jumapili ile wala nilichotaka kusema. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakuleta mke mwingine, alinijengea. Ni kwamba hakuna siku aliyoniuliza.

Kindu alirudi kula kila siku, kama yule mzungu alivyoahidi. Saa sita anasikika mlangoni, anavua kofia, ananawa, tunakaa mezani, yeye upande ule na mimi upande huu, na hasemi kitu mpaka sahani iishe. Siku moja katika kula hivyo akabisha hodi mwalimu mmoja aliyekuwa amepita Kabambare kutembelea ndugu zake. Hakutaka kuingia. Alisimama kizingitini kofia mkononi, akasema mama yangu alifariki wakati wa mavuno ya mpunga, kwamba siku za mwisho alikuwa haoni kitu kabisa, na kila mwanamke aliyemletea maji, mama alimshika uso akampapasa, kisha akamwachia. Wakati huo mpunga mpya ulikuwa umekwisha kupandwa. Filipo aliweka uma chini. Akasema kesho atakwenda kuomba ruhusa kwa mkubwa wake ili niende matanga. Nikamwambia matanga yamekwisha zamani.